Uzito wa Maji, Sifa ya Chumvi



Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na visiwani kote, mtu mwenye ukurutu huambiwa akaoge baharini. Mwenye baridi yabisi huambiwa hivyo hivyo, na mwenye miguu iliyovimba, na mtoto mwenye mafua yasiyokwisha, na mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye jamaa zake humshika huku na huku alfajiri wakamwingiza majini mpaka kiunoni. Maradhi ni mbalimbali, ushauri ni mmoja, na sababu inayotolewa ni moja pia: chumvi. Husemwa kwamba chumvi huvuta uchafu, huua vijidudu, huingia mwilini ikatoa baridi kwenye mifupa. Leo nataka kuutetea ushauri huo na kuipinga sababu yake. Hoja yangu ni kwamba bahari huutendea mwili kwa uzito wa maji yake, kwa joto inalolitoa mwilini, na kwa yale tunayoyafanya tukiwa ndani yake. Chumvi nayo ina kazi, lakini ni kazi ndogo, inayofanyika juu ya ngozi na kwenye njia za hewa tu. Haifiki kwenye damu. Nitaomba msinichukulie kwamba huu ni ubishi wa wasomi. Anayeamini kwamba dawa ni chumvi hufanya mambo ambayo anayeamini kwamba dawa ni maji hayafanyi: huyanywa, huyamwagia kwenye kidonda kibichi, huyanunua yakiwa ndani ya chupa, na huoga popote bila kuuliza kinachomiminwa pale.

Imani hii si yetu peke yetu, wala wenzetu walioipa sura ya kitabibu hawakuwa na ushahidi kutuzidi. Mwaka 1750 tabibu mmoja wa Lewes, kusini mwa Uingereza, Richard Russell, alitoa kitabu kwa Kilatini kuhusu faida za maji ya bahari kwa maradhi ya tezi. Aliwaagiza wagonjwa wake waoge baharini na pia wayanywe maji yenyewe, na Brighton, uliokuwa mji wa wavuvi, ukaanza kugeuka mji wa matajiri wagonjwa na wa matajiri wanaojidhania wagonjwa. Mwaka 1791 daktari John Coakley Lettsom na wenzake walianzisha Margate hospitali ya kuwaogesha baharini maskini wa London, wengi wao wakiwa na tezi za shingo zilizovimba na kutoa usaha, maradhi ambayo leo tunajua ni sura mojawapo ya kifua kikuu. Wapo waliopata nafuu pale, na sina sababu ya kuwakatalia. Lakini tazameni walichopewa. Walitolewa kwenye vyumba vya moshi na msongamano, wakawekwa penye upepo na jua, wakalishwa, wakapumzishwa, na pamoja na hayo yote wakaogeshwa. Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na dawa za kumuua zilipopatikana katika miaka ya 1940, hakuna aliyehitaji tena kupelekwa ufukweni kutibiwa tezi. Mgonjwa wa Margate hakuwahi kupewa bahari peke yake, na hilo ndilo tatizo la kila ushuhuda wa namna hii, wa kwao na wa kwetu. Anayetoka Morogoro kwenda kukaa Bagamoyo wiki mbili amebadilisha hewa, chakula, usingizi, kazi na wasiwasi, kisha akioga anaisifu chumvi.

Kuna hoja nyingine yenye mvuto zaidi, nayo ni kwamba damu yetu ni bahari iliyofungiwa ndani ya ngozi. Mfaransa René Quinton aliiandikia kitabu kizima mwaka 1904, na mpaka leo wapo wanaouza maji ya bahari kwa kutumia jina lake. Huenda uhai ulianzia baharini, na ni kweli kwamba chumvi tuliyo nayo mwilini kwa sehemu kubwa ni ileile, sodiamu na kloridi. Lakini kufanana kwa aina si kufanana kwa kiasi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Lita moja ya majimaji ya damu ina karibu gramu 9. Magnesiamu iliyomo baharini ni zaidi ya mara 50 ya ile iliyomo katika damu. Na hapa figo zinatoa hukumu isiyo na rufaa: haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama ya bahari. Aliyekunywa lita moja ya maji ya bahari atahitaji zaidi ya lita moja ya maji ili kuitoa chumvi hiyo, na maji hayo yatatoka mwilini mwake mwenyewe. Kwa hiyo anayeyanywa ili ajisafishe tumbo anapoharisha hasafishiki, anakaushwa. Mabaharia walilijua jambo hili kwa gharama ya roho zao muda mrefu kabla ya mtu yeyote kupima sodiamu.

Tuje kwenye ngozi, maana hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni chembe zilizokufa, bapa, zilizopangwa na kugandishwa kwa mafuta, na unene wake kwa sehemu kubwa ya mwili haufiki hata sehemu ya 50 ya milimita. Ni wembamba usioaminika, lakini kazi yake ni kuzuia maji na chumvi visipite ovyo, kuingia wala kutoka. Chembe za chumvi zinapoyeyuka hubeba chaji za umeme, na mafuta hayazipendi. Kama chumvi ingepita kirahisi kama inavyodaiwa, basi maji nayo yangevutwa kutoka mwilini kuifuata, na mvuvi anayeshinda kifuani mwa maji akivuta juya angerudi nyumbani amekuwa ng'onda. Wengine huonyesha vidole vilivyokunjamana kama ushahidi kwamba mwili umenywa maji. Ushahidi huo unaelekea upande mwingine: tangu miaka ya 1930 madaktari wameona kwamba kidole kilichokatika mishipa ya fahamu hakikunjamani hata kikilowekwa saa nzima. Mikunjo ile ni amri ya neva kwa mishipa ya damu kusinyaa. Ni mwili unaojibu kuwamo majini, bila kitu kuhitaji kuingia ndani yake.

Kama chumvi haiingii, basi nini kinachomfanya mtu atoke baharini akijisikia mwepesi, miguu imepungua uvimbe, na haja ndogo imembana? Jibu ni uzito. Ukisimama majini kina cha mita moja, maji hukandamiza nyayo zako kwa nguvu ya milimita 75 hivi za zebaki zaidi ya ile ya hewa, yaani karibu sawa na namba ya chini anayosomewa mtu mzima mwenye afya anapopimwa shinikizo la damu. Kadiri unavyopanda kuelekea juu ya maji nguvu hiyo hupungua, hivyo mwili mzima unabanwa zaidi chini na kidogo juu, jambo ambalo hakuna bendeji wala soksi ya hospitali inayolifanya kwa usawa kiasi hicho. Damu iliyokuwa imetuama miguuni hupandishwa kifuani. Watafiti waliopima watu walioketi majini hadi shingoni wamekuta kiasi cha mililita 700 za damu zikihamia kifuani, na moyo ukisukuma karibu theluthi moja zaidi kwa kila dakika. Vyumba vya moyo vikitanuka, hutolewa homoni inayoziambia figo kwamba maji yamezidi, na figo hutii. Yule anayetoka majini mbio kutafuta pa kujisaidia hajapata baridi ya kibofu, kama wanavyosema. Figo zake zimepokea habari kutoka moyoni. Na majimaji yaliyokuwa yamevimbisha vifundo vya miguu yake yamerudishwa kwenye mzunguko, yakachujwa, yakatoka.

Hilo la kwanza. La pili ni kuelea. Maji ya kiunoni huuondolea mwili karibu nusu ya uzito wake. Yakifika kifuani hubaki theluthi moja hivi. Yakifika shingoni hubaki kama sehemu ya kumi. Mwanamke wa kilo 80 mwenye magoti mabovu, ambaye kila hatua ya nchi kavu kwake ni adhabu, akiwa shingoni mwa maji anatembeza kilo 8. Anaweza kukunja goti, kulinyoosha, kulizungusha, na misuli iliyolegea kwa kuogopa maumivu ikapata kazi. Mzee aliyepooza naye hawezi kuanguka kwa kishindo pale, na mguu usioweza kubeba mwili barabarani unajaribu kuubeba majini. Kwa maoni yangu hii ndiyo zawadi kubwa ya bahari kwa wagonjwa wetu, na ni ajabu kwamba tunaipata kisha tunaihesabia chumvi.

Lakini hoja ya kisayansi lazima ijaribiwe. Kama mimi nina makosa na dawa ni chumvi, basi mazoezi ya majini yasisaidie chochote katika maji matamu. Jaribio hilo limeshafanywa mara nyingi, kwa sababu hospitali nyingi duniani zina mabwawa na chache zina bahari. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane yalikusanya majaribio 13 ya mazoezi ya majini kwa watu wenye magoti au nyonga zilizolika, na yakakuta maumivu yakipungua na uwezo wa kufanya shughuli ukiongezeka, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, ila kweli. Kwa wajawazito waliovimba miguu, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulilinganisha kulala kitandani na kuketi majini, na maji yakawatoa mkojo mwingi zaidi. Hayo yote yalipatikana bila chembe ya Bahari ya Hindi. Bahari inazidi bwawa kwa uzito wa asilimia 2 na nusu hivi, ndiyo maana tunaelea vizuri zaidi ndani yake, na hapo chumvi inastahili shukrani. Lakini ni shukrani ya kuongeza uzito wa maji, na hiyo si kazi ya dawa.

Ushahidi mwingine tunao hapa hapa, na nashangaa jinsi unavyosahaulika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani na kwingineko, wamekuwa wakilima mwani. Maji ya bamvua yanapokupwa huingia baharini na kamba na vigingi vyao, na hukaa humo kwa saa nyingi, siku kadhaa mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Kama chumvi ya bahari ingekuwa inaondoa baridi yabisi, inasafisha ngozi na kufungua kifua, hawa ndio wangekuwa watu wenye afya kuliko wote Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ambao baadhi ya waandishi wake ni wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, uliwakuta wakilalamikia uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, matatizo ya kupumua, macho, mizio ya ngozi, na majeraha ya magamba makali na viumbe wenye sumu. Najua mtu atanijibu papo hapo: wale wanainama, wanabeba magunia mazito ya mwani uliolowa, jua linawapiga utosini na mwanga wa maji unawapiga usoni, usiwalinganishe na anayekwenda kuoga. Ni jibu zuri, na ni hoja yangu mwenyewe. Kama kuinama na kubeba kunaweza kufuta kabisa faida zote za kulowa chumvi saa nyingi kwa siku, basi kinachoamua ni kile mwili unachokifanya baharini, wala si kile bahari inachodhaniwa kuupaka.

Sasa niwasikilize wapinzani kwa haki, kwa sababu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni Bahari ya Chumvi, ile iliyo kati ya Jordan na Israel na Palestina, ambako wagonjwa wa soriasisi, ngozi inayoota magamba mekundu, wamekuwa wakienda kwa miongo mingi na kurudi na ngozi safi. Nafuu hiyo ni halisi. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Ehrhardt Proksch, waliwapa watu wenye ngozi kavu ya mzio jaribio rahisi na la kupendeza: mkono mmoja uloweshwe katika maji yenye chumvi ya Bahari ya Chumvi, mwingine katika maji ya bomba, dakika 15 kila mara, kwa majuma sita. Mkono wa chumvi ulihifadhi unyevu vizuri zaidi na wekundu wake ukapungua. Jaribio jingine kubwa la Ujerumani, lenye wagonjwa wa soriasisi zaidi ya 1,000, lilionyesha kwamba kuoga maji ya chumvi kabla ya kupigwa mionzi ya taa maalumu kunasaidia kuliko kuoga maji ya bomba kabla ya mionzi hiyohiyo. Nakubali yote. Lakini maji ya Bahari ya Chumvi yana chumvi karibu mara kumi ya yetu, na iliyo nyingi humo ni ya magnesiamu, wakati yetu ni ya kawaida ya mezani. Tena ziwa lile liko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, ambako hewa nene huchuja sehemu ya miale inayounguza, hivyo mgonjwa anaweza kukaa juani muda mrefu. Na muhimu zaidi, katika majaribio yote mawili chumvi ilifanya kazi palepale ilipogusa, kwenye tabaka la juu la ngozi. Mwenye ukurutu kavu wa Pemba anaweza kujaribu bahari kwa tumaini la kiasi, mradi ngozi haijapasuka, ajisuuze kwa maji matamu akitoka, na apake mafuta kabla haijakauka. Asiyejisuuza huachiwa fuwele za chumvi zinazoendelea kunyonya unyevu kwenye ngozi ambayo tayari inauhitaji.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi, na inahusu mapafu. Madaktari wa Australia waligundua kwamba vijana wenye ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, unaojaza mapafu makohozi mazito kama gundi, walikuwa na hali bora kama walikuwa wapanda mawimbi. Badala ya kuishia kwenye sifa, walijaribu. Mwaka 2006 matokeo yao yalichapishwa: wagonjwa waliovuta mvuke wa maji yenye chumvi asilimia 7, mara mbili ya ile ya bahari, walipata mashambulizi machache ya kifua kuliko waliovuta mvuke wa chumvi hafifu. Chumvi ikitua kwenye utando wa njia za hewa huvuta maji, makohozi yanalainika, yanakohoeka. Kwa njia hiyohiyo kusuuza pua kwa maji ya chumvi kunampunguzia mtu kamasi. Hapa, basi, mama aliyempeleka mwanawe mwenye mafua ufukweni hakukosea sana. Kinachofaa kuangaliwa ni mahali mlango ulipo: pua na mapafu havina tabaka la chembe mfu na mafuta, vina utando laini uliolowa. Tena majibu yale yalitokana na mvuke safi uliopimwa, kwa ugonjwa maalumu. Hayamruhusu mwenye pumu kuamini kwamba atapona kwa kuoga, na baadhi ya wenye pumu wakivuta mvuke wa chumvi kali kifua huwabana zaidi.

Palipo na madhara ya haraka kabisa ya imani ya chumvi ni kwenye kidonda. Inasemwa kwamba maji ya bahari husafisha jeraha na kulikausha, na maumivu yale makali ya kuchoma huhesabiwa kuwa ni dalili ya dawa kufanya kazi. Chumvi nyingi kweli huwadhoofisha baadhi ya bakteria wa nchi kavu. Lakini bahari ina wakazi wake, waliozaliwa katika chumvi na wasioweza kuishi bila hiyo. Huko California watafiti waliwaingiza watu 9 baharini kwa dakika 10 tu, kisha wakapima vijidudu vya ngozi ya miguu yao. Jamii ya bakteria wa kawaida wa ngozi ilikuwa imebadilika, na kila mmoja wa wale 9 alikuwa amebeba bakteria wa baharini waitwao vibrio, kwa sehemu iliyozidi mara kumi ile iliyokuwamo katika maji yenyewe. Baadhi ya wageni wale wa baharini walikuwa bado wapo siku ya pili. Vibrio wengi hawana ubaya. Mmoja, Vibrio vulnificus, anayependa maji ya vuguvugu yaliyochanganyika na ya mto, akiingia kwenye jeraha la mtu mwenye ini bovu au kinga dhaifu huozesha nyama kwa muda wa saa kadhaa, na takriban mmoja kati ya watano wanaoambukizwa hufa. Ndiyo maana mwenye kisukari, ambaye huenda hahisi hata mwiba wa taa ulipomchoma wala jiwe la matumbawe lilipomkata wayo, ndiye wa mwisho anayepaswa kuambiwa akaloweke kidonda pwani. Kidonda huoshwa kwa maji safi ya kutiririka, au kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopimwa gramu 9 kwa lita, ambayo hayachomi hata kidogo.

Zaidi ya wakazi wa asili kuna tuliowapeleka sisi. Mto Msimbazi, unaobeba uchafu wa mji hadi baharini, unafahamika kwa kila mkazi wa Dar es Salaam, na kila mji wa pwani una Msimbazi wake. Kati ya mwaka 1989 na 1992, kwenye fukwe za Uingereza, watafiti walifanya jambo ambalo wengi hawakuthubutu: waligawa watu wazima waliojitolea kwa bahati nasibu, wengine waoge baharini, wengine wabaki mchangani, kisha wakahesabu waliougua tumbo. Ugonjwa ulianza kuongezeka pale bakteria wa kinyesi waitwao enterokoki walipozidi 32 katika mililita 100 za maji. Maji yenye idadi hiyo hayana rangi wala harufu yoyote, yanang'aa kama kawaida. Nalitaja hili kwa makusudi kwa sababu ya wale wanaosema kwamba bahari hujisafisha yenyewe kwa chumvi yake. Jua na chumvi kweli huwaua bakteria wa kinyesi baharini upesi kuliko ziwani, lakini upesi huo ni wa saa na siku, na bomba la majitaka halipumziki. Kwa upande mwingine lazima tuipe bahari haki yake: konokono anayebeba kichocho huishi katika maji matamu tu. Mtoto anayeogelea Ziwa Victoria ana hatari ambayo mwenzake wa Tanga akiwa baharini hana, na faida hii, kwa bahati mbaya kwa hoja yangu, kweli inatokana na chumvi.

Kuna pia pingamizi la tohara. Wapo watakaosema kwamba maji ya bahari ni safi kwa kauli ya dini, na kwamba watu wa Makunduchi na pwani nzima wameingia baharini kuoga mwaka kwa vizazi vingi. Wanazuoni wa fiqhi wanakubali kweli kwamba maji ya bahari yanatoharisha, na sioni mgongano. Tohara ni hukumu ya ibada. Enterokoki 32 ni hukumu ya maabara. Haya ni maswali mawili, na anayeyachanganya anaidhulumu dini kwa kuifanya ijibu swali ambalo haikuulizwa.

Ukikubali kwamba anayefanya kazi ni uzito wa maji, unalazimika pia kukubali kwamba uzito huo hauchagui wa kumsaidia. Zile mililita 700 za damu zinazopanda kifuani humpumzisha mwenye moyo mzima. Mwenye moyo uliochoka, anayelala kwa mito mitatu ili apumue, zinaweza kumfurikisha mapafu; hata askari wenye siha, wakiogelea masafa marefu kwa nguvu, wamewahi kutoka majini wakikohoa povu lenye damu kwa sababu hiyohiyo. Huyu mgonjwa aishie kiunoni, au abaki ufukweni. Wakati wa kutoka nao una hatari yake: shinikizo la maji likiondoka ghafla, damu hushuka miguuni na mzee hupata kizunguzungu, hivyo atolewe polepole, akae kwanza penye kina kifupi. Kuhusu baridi, pwani yetu maji ya juu huwa nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na 29 au 30 kaskazi inapokwisha. Mengi yanayosambazwa kwenye simu kuhusu maajabu ya kuoga maji baridi yametoka kwa watu wa Ulaya ya kaskazini wanaoingia kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, na hayatuhusu, faida zake wala hatari zake za moyo kushtuka. Linalotuhusu ni kwamba maji hunyonya joto la mwili upesi mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo hata katika maji ya nyuzi 26 mtoto mwembamba au mzee huanza kutetemeka baada ya muda, na kutetemeka ni ishara ya kutoka. Na jua: kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, nusu mita chini ya maji bado miale inayounguza ina nguvu ya asilimia 40 ya ile ya juu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ubaridi wa maji huficha kuungua mpaka usiku. Alfajiri na baada ya alasiri ndizo saa zao, na fulana ya mikono mirefu waivae hata majini.

Kama mnanifuata mpaka hapa, basi swali la kumuuliza anayetushauri tukaoge baharini ni ufukwe gani, lini, na mpaka kina gani. Swali la kwanza hatuwezi kulijibu kila mtu peke yake kwa macho. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimishwa na sheria ya mwaka 2006 kupima maji ya fukwe za kuogea na kubandika matokeo pale pale ufukweni. Napendekeza ubao wa namna hiyo Coco Beach, Forodhani, na kwenye ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa, mahali ambapo maelfu huoga kila sikukuu. Nitajibiwa kwamba kipimo cha enterokoki huchukua kama siku nzima, hivyo ubao utakuwa unatangaza maji ya jana. Ni kweli. Uskoti, yenye mvua nyingi, ilikutana na tatizo hilo, na kwenye baadhi ya fukwe zake ubao hutangaza utabiri: vipimo vya nyuma hulinganishwa na mvua iliyonyesha na hali ya bahari, na kila asubuhi waogaji huambiwa kama maji yanatarajiwa kuwa mazuri au mabaya. Uchafu wa pwani yetu nao hufuata mvua za masika na vuli na maji kupwa yanayoutoa mitoni. Mvua hupimwa kila siku na mamlaka za hali ya hewa, na majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa kwa ajili ya mabaharia. Kinachokosekana ni msimu mmoja au miwili ya sampuli kutoka kila ufukwe, kazi inayoweza kufanywa na maabara ya chuo chochote cha pwani kwa gharama ndogo.